Ini ni zima, kwa nini daktari wa Kichina anasema limekwama? Uzi kuhusu utambuzi wa "sura" za maradhi

#1 Mchemsha Mizizi (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Wiki iliyopita shangazi yangu alinipigia simu akiwa amekasirika. Alikuwa ametoka katika kliniki moja ya tiba ya Kichina akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba qi ya ini lake, yaani nguvu ya uhai, imekwama na wengu wake umepungukiwa na qi. Shangazi si mtu wa kumezeshwa maneno. Kesho yake alikwenda kupigwa altrasaundi ya tumbo, akaambiwa ini ni zima, wengu ni mzima, na hata kijiwe hakuna. Akaniuliza, "Mwanangu, kati ya hawa wawili ni nani amenidanganya?"

Kwa kuwa nilisomea tiba hiyo huko China kwa miaka mitano, na kwa kuwa swali kama lake nimelisikia kwa watu wengi, nimeona nilijibu hapa kwa urefu ambao simu haikuruhusu.

Hakuna aliyemdanganya, ila wawili hao hawakuwa wakizungumzia kitu kimoja. Mswahili akilalamika kwamba fulani amemkata maini, hakuna anayemkimbiza kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu sote tunajua kwamba maini hapo yamebeba maana nyingine. Katika vitabu vya tiba ya Kichina, "ini" ni jina la kazi nzima ya kuifanya qi (hutamkwa "chi") itiririke mwilini bila kugota, pamoja na hasira, kano na utaratibu wa hedhi. "Wengu" nao ni kazi ya kukigeuza chakula kuwa nguvu na kuizuia damu isitoke nje ya njia zake. Watafsiri wa Ulaya walipoyachukua maneno hayo waliyapa majina ya viungo anavyovijua mpasuaji, na mkanganyiko wa shangazi yangu ulianzia huko, zamani sana kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo daktari anapoandika "qi ya ini imekwama", anafupisha mambo aliyoyakusanya: mbavu zinazobana, pumzi ndefu zinazoshushwa kila mara, hasira za karibu, hedhi isiyotabirika, na mshipa wa mkononi uliokazwa kama uzi wa udi. Mkusanyiko huo ndio Wachina wanaouita zheng. Katika uzi huu nitauita "sura", kwa maana ya sura ambayo maradhi yameivaa kwa mtu huyu, kwa wakati huu.

Neno zheng lenyewe linasumbua. Kuna bing, ambao ni ugonjwa wenye jina na mwenendo wake, kama vile pumu au surua. Kuna zheng, yaani dalili mojamoja kama kikohozi au kiu. Kisha kuna zheng nyingine, ambayo ndiyo sura ninayoizungumzia. Mbili hizi hutamkwa kwa sauti ileile na toni ileile, zikatofautiana katika maandishi tu, na katika mwaka wangu wa kwanza mara nyingi nilikaa darasani nisijue mwalimu anazungumzia ipi mpaka aandike ubaoni.

Sura hupatikana kwa njia nne za uchunguzi: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa (Kichina kina neno moja kwa yote mawili), kuuliza, na kugusa. Katika kuuliza, tabibu Zhang Jiebin, aliyeishi kati ya 1563 na 1640, aliacha shairi la maswali kumi ambalo wanafunzi bado wanalikariri. Swali la kwanza ni kama mgonjwa anahisi baridi au joto, la pili ni jasho, kisha kichwa na mwili, choo, chakula, kifua, masikio na kiu. Yanaonekana maswali ya kawaida mno, lakini jinsi yanavyoulizwa ndiyo sanaa yenyewe. Haitoshi kujua kwamba mgonjwa ana kiu. Unataka kujua kama anataka maji ya moto au ya baridi, na kama akiletewa maji anayagugumia au anaonja kidogo kisha anakiweka kikombe chini.

Mshipa hupimwa kwa vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono. Cha kati hukaa mkabala na mfupa uliochomoza chini ya dole gumba, cha shahada mbele yake na cha pete nyuma yake, kwanza kwa kugusa juujuu, kisha kwa mkazo wa wastani, kisha kwa kukandamiza. Kwa mkono wa kushoto vituo hivyo hunasibishwa na moyo, ini na figo, na kwa mkono wa kulia na mapafu, wengu na figo tena. Mafundisho ya leo yanataja aina 28 za mapigo. Yapo "yanayoteleza" kama lulu zinazoviringika kwenye sahani, na yapo "yanayokwaruza" kama kisu kinachokwangua mwanzi. Zhang Zhongjing, tabibu wa mwishoni mwa utawala wa Han ambaye nitamrudia, aliwalalamikia matabibu wa zama zake kwamba walikuwa wakimwachia mgonjwa mkono kabla hawajafikisha mapigo 50. Nimeona wa zama zetu wasiofikisha 20.

Ulimi nao una ramani yake: ncha ni ya moyo na mapafu, kingo ni za ini na nyongo, katikati ni ya wengu na tumbo, na shina ni la figo. Unatazamwa rangi yake, umbo lake, alama za meno pembeni, na utando ulioufunika. Hapa nitasimulia aibu yangu. Nikiwa katika mafunzo ya vitendo nilimpokea bwana mmoja mwenye utando wa manjano kolevu, nikaandika kwa furaha "joto na unyevu katika wengu", nikachagua na dawa kabisa. Mwalimu akachukua shashi yenye maji, akaupangusa ulimi mara moja, na umanjano wote ukabaki kwenye shashi. Yule bwana alikuwa ameimumunya pipi ya limau akiwa kwenye foleni. Mwalimu hakunigombeza, aliichukua karatasi yangu, akaukata uchunguzi wangu kwa mstari, na juu yake akaandika "pipi".

Karibuni kwa maswali.

#2 Fundi Saa

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa somo. Mimi si mtaalamu, ila kuna jambo linanitatiza. Mke wangu na mimi tulikwenda pamoja kwa tabibu wa Kichina tukiwa na mafua ambayo mmoja wetu alimwambukiza mwenzake, tukarudi na dawa mbili tofauti. Ikiwa ugonjwa ni mmoja, itakuwaje dawa ziwe mbili?

#3 Mchemsha Mizizi (mleta uzi)

Ndugu Fundi Saa, umegusa kiini chake. Wachina wana msemo kuhusu jambo hilo: ugonjwa mmoja, tiba tofauti, magonjwa tofauti, tiba moja. Mfano maarufu kuliko yote ni huohuo wa mafua.

Zhang Zhongjing aliandika karibu na mwaka 200, baada ya ukoo wake wa watu zaidi ya 200 kupoteza theluthi mbili ya watu wake katika muda usiozidi miaka kumi, wengi wao kwa homa. Katika kitabu chake, Shanghan Lun, anaeleza wagonjwa wawili ambao mtu wa kawaida angesema wana homa moja. Wote wanaumwa kichwa, wote wanahisi baridi, na mshipa wa kila mmoja unaelea juu kiasi kwamba ukiugusa tu unauhisi. Lakini wa kwanza hatoki jasho hata kidogo, mifupa inamuuma, na mshipa wake umekazika. Huyu anapewa mchemsho wa mahuang, mmea mkali unaofungua vinyweleo. Wa pili anatokwa na jasho, anauogopa hata upepo wa mlangoni, na mshipa wake ni mlegevu. Huyu anapewa mchemsho wa vijiti vya mdalasini, mzizi wa peoni, tangawizi, kunazi, na mzizi mtamu uitwao gancao. Ukimpa wa pili dawa ya wa kwanza, unamtoa jasho mtu ambaye tayari linamwisha.

Maelekezo yake ya kunywa dawa ya pili ndiyo yaliyonifanya niupende utabibu huu. Mgonjwa akishakunywa mchemsho, muda mfupi baadaye anywe uji mwepesi wa mchele ulio moto ili kuisaidia dawa, kisha afunikwe kwa muda wa saa mbili hivi, mpaka mwili wote utoke jasho jembamba, lisiwe la kutiririka kama maji. Akipona kwa kikombe cha kwanza, vikombe vilivyobaki viachwe. Sidhani kama kuna bibi wa pwani ambaye angehitaji kufafanuliwa maelekezo hayo.

Karne nyingi baadaye, matabibu wa kusini mwa China waliona homa zilizoanza na koo linalouma, kiu na ncha nyekundu ya ulimi, na baridi kidogo tu, wakasema hizo hazitibiki kwa mdalasini. Wu Jutong, aliyeikamilisha kazi yake mwaka 1798, ndiye aliyeacha dawa ambayo hadi leo inauzwa kwa ajili ya sura hiyo, yenye maua ya asali na tunda la fosithia. Huenda, ndugu yangu, wewe ulikuwa na koo na mkeo alikuwa na baridi.

Vipimo vinavyotumika kumweka mgonjwa mahali pake ni jozi nne, zinazoitwa kanuni nane: nje na ndani, baridi na joto, upungufu na ujazo, na yin na yang (upande wa kivuli na ubaridi, na upande wa mwanga na joto) zinazozifunika zote. Zinasikika rahisi mpaka mwili uanze kusema uongo. Zhang Zhongjing anamtaja mgonjwa ambaye mwili wake unawaka moto lakini anavuta nguo ajifunike, akasema joto hilo liko kwenye ngozi na baridi iko kwenye uboho. Anamtaja na mwingine aliye baridi kwa kumgusa lakini anazitupa nguo. Huyo baridi yake iko kwenye ngozi na joto liko ndani ya uboho. Mwanafunzi anayehesabu dalili kama kura atawakosea wote wawili, kwa kuwa dalili nyingi zinaelekea upande mmoja na ukweli uko upande ambao dalili moja tu, ya kutaka au kukataa nguo, inauonyesha.

#4 Binti Mvita

Kaka Mchemsha Mizizi, nimesoma hadi hapa nikamkumbuka marehemu nyanya yangu. Kwake tende ilikuwa moto, tango lilikuwa baridi, na mtu alikuwa na mizaji yake ambayo chakula kingeweza kuivuruga au kuisawazisha. Ugonjwa wa viungo sisi tunauita baridi yabisi, yaani baridi na ukavu, na makohozi tunayaita balghamu, jina la mojawapo ya maji manne ya mwili katika tiba ya Kiyunani iliyotufikia kupitia kwa Waarabu. Je, haya si mambo yaleyale? Na kama ni yaleyale, kwa nini tuyafuate China ilhali tulikuwa nayo Mvita?

#5 Mchemsha Mizizi (mleta uzi)

Dada Binti Mvita, nimefurahi umeileta baridi yabisi, kwa sababu ndipo mahali pazuri pa kuona mfanano na tofauti kwa pamoja.

Wachina wanayaita maumivu ya viungo bi, na maana yake ni kuziba. Suwen, sehemu ya maandiko ya kale kabisa ya tiba yao, inasema upepo, baridi na unyevu vikija kwa pamoja na kuchanganyika, vinakuwa bi. Upepo ukizidi, maumivu yanahama, leo goti na kesho bega. Baridi ikizidi, maumivu ni makali na yametulia mahali pamoja. Unyevu ukizidi, kiungo kinakuwa kizito, kimevimba na kimekufa ganzi. Baadaye iliongezwa sura ya joto, ambapo kiungo ni chekundu na hakigusiki. Utaona kwamba baridi tunayo sote, lakini pale Kiswahili kilipoweka ukavu, Kichina kimeweka unyevu, na dawa zake zinakusudia kuukausha huo unyevu. Mtu akichukua dawa ya upande mmoja kwa nadharia ya upande wa pili, anajitafutia matatizo.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye neno mizaji. Nyanya alipomwambia mtu kwamba ana mizaji ya baridi, alimweleza maumbile yake, jinsi alivyozaliwa. Sura ya Kichina haimwelezi mtu hivyo. Mgonjwa yuleyule wa bi anaweza kuingia mwezi wa sita akiwa na sura ya baridi, akapewa dawa za moto kwa wiki nne, akarudi mwezi wa saba na kiungo chekundu, ulimi mwekundu na kiu, na hapo tabibu mzuri anaiacha dawa yake mwenyewe na kuanza upya. Nimewaona watu wanaojitambulisha kwa sura waliyoandikiwa miaka mitatu iliyopita, "mimi ni mtu wa figo dhaifu", kana kwamba ni kabila. Karatasi ile ilikuwa imekwisha muda wake ndani ya mwezi.

Kuhusu kwa nini twende China ilhali tulikuwa nayo Mvita, sina jibu la kumridhisha kila mtu. Wao waliandika visa vya wagonjwa wao, jina la dawa, kipimo na matokeo, kwa karne nyingi. Sisi kwa sehemu kubwa tuliwaachia akina nyanya wakumbuke.

#6 Daktari wa Zamu

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa heshima, na nakiri unaandika kwa uaminifu kuliko matangazo mengi ninayoyaona. Naomba niweke mambo mawili mezani.

La kwanza ni la kipimo. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Marekani ambao waliwachukua wagonjwa 39 wa baridi yabisi, ile hasa mliyokuwa mkiijadili, wakawapeleka kwa matabibu watatu wa Kichina, kila tabibu akiwachunguza wote peke yake. Wastani wa kukubaliana juu ya sura ulikuwa takriban asilimia 28. Utafiti wa aina hiyohiyo uliofuata baada ya mwaka mmoja ulifika kama asilimia 32 tu. Kipimo cha maabara chenye tabia hiyo ningekirudisha kwa muuzaji.

La pili ni la kwetu. Mgonjwa anayekuja na vipindi vya kutetemeka kwa baridi vikifuatwa na joto, kichefuchefu, mdomo mchungu na kukosa hamu ya kula, nyinyi mna sura yake tayari, na mna mchemsho wake. Mimi mgonjwa huyo ninamtoboa kidole na kutafuta vimelea vya malaria, kwa sababu nikikosea kwa mtoto wa miaka mitatu, siku mbili zinatosha kumpoteza.

#7 Mchemsha Mizizi (mleta uzi)

Daktari, shikamoo, na yote mawili nayapokea.

Nianze na la pili kwa kuwa ni la uhai. Sura unayoieleza inaitwa shaoyang, na mchemsho wake ni xiao chaihu tang. Hautibu malaria. Mtu yeyote mwenye homa katika nchi zetu akapime kwanza, na tabibu wa Kichina anayempapasa mshipa mgonjwa wa homa bila kumtaka majibu ya kipimo cha malaria anastahili kukimbiwa. Mmea wa Kichina uliotupatia dawa mseto, yaani qinghao, ulipatikana kwa njia nyingine kabisa: mtafiti wa China Tu Youyou aliufuata mstari mmoja wa Ge Hong, mwandishi wa karne ya 4, aliyeagiza mmea huo ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, na kutokana nao akatambua kwamba moto wa kuchemshia ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Nobeli ya 2015 ilimstahili. Hakupima mshipa wa mtu ili kuipata artemisinini, yaani dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea huo, na wenzangu wanaoitaja tuzo hiyo kama ushahidi wa kanuni nane wanakula jasho lisilo lao.

Kuhusu asilimia 28, ningeweza kukimbilia vichaka. Ningeweza kusema kwamba sura za bi huchanganyika, na kwamba mmoja akiandika "unyevu na baridi juu ya upungufu wa figo" na mwingine "upungufu wa figo pamoja na baridi" huenda wanakaribiana. Lakini kuna jambo katika tafiti hizo ambalo linanishughulisha zaidi: matabibu wale, kila mmoja, aliandika dawa iliyolingana vizuri na uchunguzi wake mwenyewe kama vitabu vinavyoagiza. Kutoka kwenye sura kwenda kwenye dawa walikuwa hodari. Walipoachana ni kabla ya hapo, kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye sura. Mafunzo yetu yako hivyohivyo. Miaka mingi unakaririshwa kwamba sura hii ina dawa hii, na mitihani inakuletea mgonjwa wa karatasini ambaye dalili zake zote zimekubaliana. Mgonjwa wa kweli ana ulimi wa pipi.

Kuna historia hapa ambayo wengi hawaambiwi. Maneno bianzheng lunzhi, yaani kuitambua sura na kuipangia tiba, yamekuwa nguzo kuu ya tiba ya Kichina kwa namna tunavyoyajua leo tangu miaka ya 1950, serikali ya China ilipotaka utabibu wa kale ufundishwe vyuoni kwa mtaala mmoja. Vyuo vinne vya kwanza, vya Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, vilifunguliwa mwaka 1956. Mifumo iliyokuwa ikishindana kwa karne nyingi, ya hatua sita za Zhang Zhongjing, ya ngazi nne za Ye Tianshi, ya viungo, ya kanuni nane, ilikusanywa ndani ya kitabu kimoja cha kiada chenye majedwali, dalili upande huu na dawa upande ule. Bila mtaala huo mimi nisingesoma kitu, kwa hiyo siulaani. Ila jedwali linamfanya mwanafunzi adhani kwamba sura ni vitu vilivyokuwapo tayari, vinavyongoja kutiwa alama ya vema.

Mstari ambao kila mwalimu huunukuu kuwa chimbuko la bianzheng ni wa Zhang Zhongjing: tazama mshipa na dalili, ujue ni kosa gani limetendeka, kisha tibu kwa kuzifuata. Wachache husoma sentensi iliyotangulia. Mgonjwa anayezungumziwa pale amekwisha kutolewa jasho, kutapishwa, kuharishwa au kuchomwa sindano za moto, na bado hajapona. Ni mgonjwa aliyeharibiwa na matabibu waliofuata utaratibu. Anayeagizwa kumtazama upya ni tabibu ambaye kitabu kimemwishia.

Nimalizie na mchemsho uleule wa shaoyang, kwa sababu una kisa chake. Huko Japani uliandikwa kwa wingi kwa wagonjwa wa homa sugu ya ini, kwa jina la ugonjwa, bila kutazama kama mgonjwa anayo ile sura. Mwaka 1996 wizara ya afya ilitoa onyo la dharura baada ya wagonjwa 88 kuripotiwa kupata uvimbe mkali wa tishu za mapafu, na 10 kati yao kufariki. Darasani tulifundishwa kisa hiki kama hoja: mnaona, wameitumia dawa bila kutambua sura.

#8 Daktari wa Zamu

Marahaba, ndugu yangu. Kisa cha Japani nakifahamu, na hoja ya darasani kwenu ninaiona ina tundu. Ili iwe hoja, ingebidi aonyeshwe mtu kwamba wale waliokuwa na sura inayofaa walisalimika na wasiokuwa nayo ndio walioumia mapafu. Hilo halikupimwa. Bila hivyo mmejipa kinga: dawa ikifanya kazi, sura ilikuwa sahihi, ikidhuru, sura ilikosewa.

Niongeze jambo moja kwa wasomaji. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ambalo lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, una mlango wa 26 unaoorodhesha magonjwa na hali hizi za tiba za jadi zilizotokana na China, qi ya ini kukwama ikiwamo. Nimeona tangazo la kliniki likisema kwamba shirika hilo "limethibitisha". Mlango huo ni wa hiari na upo kwa ajili ya kuhesabu, ili nchi zijue watu wangapi wanaandikiwa nini. Kuhesabu kitu hakukithibitishi.

#9 Mchemsha Mizizi (mleta uzi)

Daktari, tundu hilo lipo, na sina kiraka chake. Naliacha kama ulivyoliandika.

#10 Fundi Saa

Mabwana, mmenipeleka mbali. Narudi nyumbani: shangazi afanye nini? Na mtu kama mimi, nitamjuaje tabibu anayesoma sura kwa kweli na anayeandika kilekile kwa kila anayeingia?

#11 Mchemsha Mizizi (mleta uzi)

Ndugu Fundi Saa, jana nilimsindikiza shangazi kurudi kliniki, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyotokea.

Kabla ya kuingia nilimuuliza analalamikia nini hasa, jambo ambalo kwa aibu yangu sikuwa nimemuuliza kwenye simu. Alisema uchovu, na mbavu kubana tangu walipogombana na mpangaji wake. Kwa uchovu tulipitia kwanza hospitali, akatolewa damu; majibu tutayafuata Jumatatu, na Daktari wa Zamu asiwe na wasiwasi.

Kliniki nilimwomba tabibu, kwa adabu, anieleze alichokiona kilichomfanya aandike wengu. Hili ndilo swali ninalokushauri ulibebe. Tabibu aliyesoma kweli atakutajia vitu unavyoweza kuviona mwenyewe kwenye kioo: ulimi mpana wenye alama za meno, choo kilicholainika, hamu ya kula iliyopungua. Alinitajia hivyo vitatu. Shangazi akasema choo chake ni kigumu na anakula vizuri kuliko sisi wote. Kisha niliuliza swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: ni kitu gani kingemfanya aibadilishe sura hiyo? Mwenye kuandika kilekile kwa kila mtu hukasirika hapo.

Huyu hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akamwomba shangazi akae vizuri, akauweka mkono wake wa kulia juu ya mto mdogo na kutuliza vidole vitatu, safari hii kwa muda mrefu hata nikasikia feni ikigeuka. Akahamia mkono wa kushoto. Akaomba kuona ulimi karibu na dirisha, mbali na taa ya mezani. Halafu aliichukua ile karatasi, akaacha mstari wa ini kama ulivyo, na mstari wa wengu akaukata.

Tulipofika nje shangazi aliikunja karatasi akaitia mkobani. "Basi," akasema, "wengu nimerudishiwa. Sasa tumtafute huyo mpangaji."